Barua ya wazi kwa wakuu wa kliniki: wapigieni simu wale akina mama wengine

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Daktari Mkuu na wanabodi wote wa kliniki iliyotupatia mtoto,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: DONA (MTOA MBEGU ZA KIUME) WA NAMBA INAYOISHIA NA 17

Salamu kwanza. Sitataja jina la kliniki wala la daktari, mnajijua, na kama mnataka kujifanya hamjijui hio namba hapo juu itawakumbusha. Nimejaribu kuongea na nyinyi kwa upole tangu Mei 2023, nikaja mwenyewe, nikapiga simu, nikatuma imeili, nikaleta barua kwa mkono ikagongwa muhuri pale risepsheni, nikaambiwa subiri, nikasubiri. Wanasema subira huvuta heri, hii yangu imevuta madeni. Kwa hivyo leo naandika mbele za watu.

Wenye hawajui hii stori wacha niwape. Mimi na Baba Taji tulioana 2015, miaka mitatu ikaisha hakuna mtoto, na mnajua vile huwa, mwanamke ndiye anaangaliwa tumbo. Nilipimwa kila kitu mpaka ile ya kupitisha rangi kwa mirija, niko sawa. Mwishowe Baba Taji akakubali kupimwa, akapimwa mara mbili, na mara zote mbili jibu likawa sufuri. Si mbegu chache, sufuri. Alikuwa amepata matubwitubwi akiwa fomu ya pili, korodani zikavimba, nyumbani wakamkanda na maji ya chumvi zikapoa, nani angejua hio kitu itatudai miaka ishirini baadaye. Daktari wenu, na hapa nampa heshima yake, alitueleza vizuri sana, akasema karibu mwanaume mmoja kwa kila mia yuko hivyo, haihusiani na nguvu za kiume, akatuchorea na kalamu tukaelewa. Tulipanda matatu mpaka Umoja hatujaongea neno. Usiku Baba Taji ndiye alisema mwenyewe, basi tutumie dona.

Siku ya kujaza fomu, penye mmeuliza magonjwa ya familia niliandika kwa herufi kubwa: MIMI NI AS. Yaani nina S moja ya sikoseli, mimi siugui lakini naweza kumpa mtoto; AA hana S kabisa, na SS ndiye mgonjwa. Sikuandika kwa kubahatisha, mdogo wangu alikufa na sikoseli akiwa na miaka tisa, huko Busia, na mimi ndiye nilikuwa namkanda miguu usiku wakati mama amechoka. Sista akasoma, akaniangalia kwa huruma, akasema usijali mama, tutakupatia dona AA. Hayo ndiyo maneno nimebeba mpaka leo.

Tukapewa karatasi ya dona. Urefu futi tano na inchi kumi, rangi maji ya kunde, damu O positivu, mwanafunzi wa chuo, anapenda mpira. Yote imechapwa kwa kompyuta. Hapo kwa jenotaipu peke yake pamejazwa na biro ya bluu, AA, hio A ya pili imeinama kidogo kama mtu alikuwa anaandika akiwa amesimama. Niliona, sikuuliza. Nilipiga picha nimtumie dadangu tucheke kuhusu huyo kijana wa mpira, na hio picha bado iko kwa simu yangu.

Raundi ya kwanza ilikataa, ya pili ikakataa, kila moja Sh85,000 bila sindano na skani. Ya tatu, Novemba 2021, ikashika. Taji alizaliwa Agosti 2022, kilo tatu na nusu, na kliniki yenu ikanitumia meseji ya pongezi yenye picha ya puto.

Aprili 2023 vidole vya mtoto vikavimba. Mikono yote miwili, halafu nyayo, ngozi inang'aa, ukimgusa analia mpaka sauti inakatika. Nyanya yake akasema ni meno. Mimi nilikaa chini pale jikoni kwa sababu hio miguu nilishaiona. Mtoto akizaliwa huwa bado ana ile damu ya tumboni inayomkinga, inapungua pole pole, ndio maana huu ugonjwa huanza kujionyesha kuanzia kama miezi sita. Tukapima: SS.

Sasa hospitali ya serikali wakataka wazazi wote wawili wapimwe. Mimi AS. Baba Taji AA. Daktari, kijana tu wa juzi, akaangalia karatasi, akatuangalia, akamtuma Baba Taji kwa dirisha la dawa, akainama akaniuliza pole pole, mama, baba ya mtoto ni huyu? Nikamwambia ndio. Sikuwa na jibu lingine ambalo lingetosha kwa ile korido. Na nyumbani kwa mume wangu hawajui mambo ya dona, kwa hivyo mama mkwe anaambia watu ugonjwa umetoka kwetu, damu yetu ni mbaya, na mimi naosha sahani nanyamaza, kwa sababu nikifungua mdomo nitamvua nguo mume wangu mbele ya mama yake.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ile AA ya biro. Mtoto hawezi kuwa SS bila kupata S moja kwa mama na S ingine kwa mwenye mbegu. Yangu naijua. Hio ingine ilitoka kwa dona wenu. Kwa hivyo ni moja kati ya mambo matatu: hakupimwa kabisa, ama alipimwa mkajaza uongo, ama mlichanganya mirija ya mbegu mkaniwekea ya mtu mwingine. Chagueni nyinyi, mimi sijui gani ni afadhali. Meneja wenu aliniambia kwa simu ati pengine "asili ilifanya kazi yake nyumbani", yaani mtoto ni wa mume wangu. Kwanza mume wangu ni AA. Pili nyinyi wenyewe mliniambia ana sufuri, mkaniuzia raundi tatu kwa hio sufuri.

Na kinachoniuma ni kwamba kwa mambo mengine mko makini. Mlituambia mbegu za dona zinawekwa kwa friji ya nitrojeni miezi sita kwanza, halafu dona anarudi kupimwa ukimwi tena ndio zianze kutumika, ili wasidanganywe na yale majibu ya mapema. Vizuri sana, nawapongeza. Sasa mtu anakuja kwenu mara mbili kutolewa damu, na hamwezi kupima selimundu, hio sikoseli? Hapa Kenya? Watu wa kandokando ya ziwa na watu wa Pwani huu ugonjwa tunazikia watoto, na tuko wengi Nairobi hii, si ati ni kitu cha kusoma kwa kitabu.

2. Watoto wengine. Hii ndiyo imenifanya niandike, zingine zote ningezimeza.

Dona mmoja hatoi mbegu za kutumiwa na mwanamke mmoja tu. Anakuja mara nyingi, na kila akija inagawanywa kwa mirija kadhaa, inagandishwa kwa nyuzi 196 chini ya sufuri, na hapo inaweza kukaa miaka na miaka. Mwenyewe mlituambia huyu ni maarufu, tuharakishe. Siku ile ya raundi yangu ya tatu tulikuwa wanawake wanne kwa ile benchi ya kijani, hakuna anayemwangalia mwenzake, si mnajua pale kila mtu anajifanya amekuja kutembelea mgonjwa. Mmoja alikuwa ametoka Kakamega na basi la usiku, alikuwa na thamosi, akanimiminia chai kwa kifuniko bila kuniuliza. Tulikuwa tumevaa zile nguo zenu za kufunga nyuma. Sista akaita namba za dona moja kwa moja kwa sauti, siri gani hio lakini, na namba yake na yangu ilikuwa moja. Tukaangaliana, akacheka, akasema basi sisi ni wake wenza.

Sina namba yake ya simu. Sijui jina. Nyinyi mko nayo.

Kama dona ni AS, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kubeba hio S. Na kama mama pia ni AS, basi kila mimba ni robo ya kuzaa SS. Huyo mama wa Kakamega anatoka penye AS ni wengi. Inawezekana saa hii kuna mtoto amepelekwa kwa mganga, ama anapewa paracetamol kila siku, ama anaambiwa ni baridi yabisi, na wakati angejulikana mapema angewekwa kwa penisilini na foliki na dawa ya kuzuia malaria na hidroksiyurea, kama wangu. Taji amelazwa mara tatu, mara moja damu yake ilikuwa imeshuka mpaka 4.8 na tukatafuta wa kumtolea usiku, lakini yuko, leo amevunja rimoti. Mdogo wangu hakuwa na hizo dawa. Tofauti ya hao watoto wawili ni kujua.

Na msiniambie haiwezekani. Kuna dona wa benki moja ya mbegu ya Denmark alikuwa na kasoro kwa jeni inaitwa TP53, hio huleta saratani kwa watoto. Ilijulikanaje? Wazazi wa familia mbili, kila mmoja kivyake, waliuliza kliniki zao, na kliniki zikauliza. Mwaka 2025 ripoti ya kwanza ikataja watoto 67 kwa nchi 8, kumi kati yao tayari walikuwa na saratani, na mwisho wa mwaka huohuo hesabu ikafika watoto 197 hivi ama zaidi. Kasoro kama hio vipimo vya kawaida haviwezi kuiona, kwa hivyo mwanzoni huwezi kumlaumu mtu. Yenu ni kitone cha damu. Na wale walikuwa wanatafutana nchi nane, nyinyi mnatafuta watu wa basi moja la usiku.

3. Faili. Mei 2023 mlisema faili iko, Julai mkasema iko lakini ni siri, Januari 2024 nikaitwa kwa mkutano nikaambiwa ati wakati wa kuhamishia rekodi kwa sistimu mpya faili za 2021 zingine zilipotea. Ikipotea si siri tena, imepotea. Chagueni moja. Mwili ni wangu, majibu ni yangu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inanipa haki ya kuona habari zangu mwenyewe, na Katiba kifungu cha 35 inasema habari iliyo kwa mtu mwingine, ambayo naihitaji kulinda haki yangu, naweza kuidai. Mimi si wakili, nilisoma hayo kwa foleni ya ofisi za serikali za Huduma.

4. Ile karatasi ya kunyamaza. Mwaka jana mliniita mkanipa chai na keki na karatasi ya ukurasa mmoja, mnirudishie pesa ya raundi moja na mimi "nisizungumzie suala hili kwa mtu yeyote". Yeyote ni pamoja na daktari wa mtoto? Nilikula keki, sikusaini.

5. Wako wangapi? Niliuliza dona mmoja anatumika kwa familia ngapi, nikajibiwa "wachache". Uingereza ni familia 10, na dona aliyejiandikisha baada ya 1 Aprili 2005 mtoto akifika miaka 18 anaweza kumjua. Hapa mswada wa kwanza uliletwa bungeni na Mheshimiwa Millie Odhiambo 2014, na 2021 mimi naingia kwenu hakuna sheria hata moja ya hizi mambo. Watoto hawa watasoma shule moja hapa Nairobi, watapendana, na hakuna mtu atakuwa na daftari.

Najua mtasema nini, nimeshaambiwa yote.

Mtasema nilisaini. Ndio nilisaini, kwamba kliniki haiahidi mtoto mwenye afya kamili, na hio ni sawa, hakuna anayeweza kuahidi mambo ya Mungu. Lakini nilisaini nikiwa nimeshikilia karatasi imeandikwa AA. Yale ya Mungu nimeyapokea, hii ya biro ni yenu.

Mtasema siri ya dona. Nani amemuuliza jina? Sitaki jina lake, sitaki sura yake, sitaki Taji amjue kabla hajaamua mwenyewe akiwa mkubwa. Mpigieni nyinyi. Na huyo kijana pia ana haki, 2021 alikuwa mwanafunzi wa chuo, leo huenda ameoa, na hajui ana S. Mkikaa kimya mnaweza kumzikisha mtoto wake mwenyewe kwa kulinda siri yake. Kijana wa watu aliwasaidia, amewakosea nini?

Mtasema hakuna sheria. Ni ukweli hapakuwa na sheria ya dona, lakini ya afya ya uzazi iko kwa Katiba, kifungu cha 43, na mteja kupewa habari anazohitaji iko kifungu cha 46. Na hata hayo yasingekuwepo, kuna sheria gani inawakataza kupiga simu?

Mtasema natisha watu wasiokuwa na watoto. Hii kidogo inanisumbua kweli, kwa sababu hata mimi nilikuwa wao, na ningesoma barua kama hii 2020 pengine ningerudi nyumbani. Kwa hivyo naiweka wazi: hii njia si mbaya. Imewapa watu watoto hapa Kenya miaka mingi, na ile ya kutungia mimba maabara halafu kupandikiza (IVF) tumezaa nayo tangu 2006. Sijuti Taji. Mwanamke akiniuliza aende ama asiende nitamwambia enda, lakini mwambie akuonyeshe majibu ya maabara yenyewe, yenye muhuri na tarehe, si karatasi ya kujazwa.

Ninachoitisha si kingi.

Kwanza, toeni mirija yote ya dona huyu kwa matangi leo, na mpime mmoja uliobaki. Mkipata hana S, basi mlichanganya, na hapo kuna watu wengi zaidi wa kupigiwa. Pili, ndani ya siku thelathini mpigie kila mwanamke aliyetumia hio namba, mumwambie ukweli kwa lugha anayoelewa, na mtoto apimwe kwa gharama yenu. Msitume meseji ya puto. Tatu, mpigieni dona. Nne, nakala ya faili yangu yote, ama barua yenye sahihi ya Mkurugenzi kwamba imepotea, ilipotea lini na nani aliambiwa. Tano, kuanzia sasa hakuna dona wa kwenu bila majibu ya selimundu kutoka maabara, na mwanamke ayaone kabla hajalala kwa kile kitanda.

Pesa sijaitisha, mtaona sijaitisha, hio tutaongea na wakili wangu yuko huku Donholm na ana subira kuliko mimi. Siku thelathini zikiisha bila simu kupigwa napeleka malalamiko rasmi kwa wanaowapa leseni, na picha ya ile karatasi nitaambatanisha. Namba yangu mko nayo kwa faili.

Kama faili iko.

Wenu,
Mama Taji,
Umoja, Nairobi.

N.B. Wewe mama wa Kakamega mwenye thamosi. Ikiwa inakufikia hii, ama kuna mtu anakujua, raundi yetu ilikuwa Novemba 2021, asubuhi, mvua ilikuwa inanyesha na ulikuwa na leso ya manjano. Kama ulibahatika, mtoto wako sasa ana kama umri wa wangu. Akivimba vidole ama akilia mifupa, ama macho yakiwa ya njano, usingoje, mpeleke apimwe sikoseli, uwaambie wapime na ile ya mashine inayoonyesha kama ni AS ama SS. Hata kama hana shida yoyote mpeleke tu. Na wewe pia ujipime.